Ya Leo Asubuhi

Mtu wa Malindi hajifunzi Kiitaliano darasani. Anakiokota tu. Mimi nilikiokota kwenye duka la aiskrimu, kwa bichi boi waliokuwa wakinituma sigara, kwenye mabango ya nyumba za kuuza, na kwa shangazi yangu, aliyefulia familia moja ya Waitaliano miaka sita kabla hawajamuuliza kama angekubali kwenda kwao kumtunza mama yao mzee. Hawa watu tumekuwa nao tangu miaka ya 60, walipojenga kituo cha kurushia roketi kule Ngomeni. Baadaye zikaja hoteli, pizza na mengine ambayo kila mtu wa Malindi anayajua na leo siyaandiki. Kwa hivyo niliposhuka Alba, kaskazini-magharibi mwa Italia, lugha haikunishinda. Baridi ndo ilinishinda.

Alba ni mji mdogo unaonukia chokoleti. Sikudanganyi. Kampuni ya Ferrero, wale wa Nutella, ilianzia hapo 1946, na upepo ukigeuka harufu inakufuata hadi kituo cha basi. Ukitoka mjini unaingia Langhe, vilima juu ya vilima, na kila kilima kimechorwa mistari ya mizabibu kama kichwa cha msichana aliyesukwa matuta. Tangu 2014 vilima hivyo viko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Yaani mashamba ya kutengeneza pombe ni urithi wa dunia. Nililitafuna hilo jambo kwa siku kadhaa.

Shangazi amekaa huko miaka minane. Kazi yake huitwa badante: unalala kwa mzee, unamwogesha, unampa dawa, unamsikiliza akisimulia hadithi ileile ya vita. Anapumzika Alhamisi mchana na Jumapili. Katika hiyo miaka minane hakuwa ameingia cantina hata moja, na ziko kila kona kama vibanda vya emipesa huku kwetu. Watoto wa mama anayemtunza ndio waliompa tiketi mbili kama zawadi, ya kutembezwa kwenye ghala la divai na kuonjeshwa. Alinichukua kwa sababu nilikuwa mgeni wake. Nauli alikuwa amelipa yeye. Mimi nilikuwa nimeleta majani chai, pojo, na ujumbe.

Acha niuseme huo ujumbe mapema. Babu yangu alikuwa mgema. Alipanda minazi asubuhi na jioni, kotama kiunoni, akafundisha watoto wake wote kusoma kwa pesa za mnazi. Karo yangu ya mwaka wa kwanza chuoni ilitoka juu ya mti, kwa maana halisi. Nilipoingia mwaka wa pili, maafisa walikuja na lori siku ya msako wa pombe haramu, wakamwaga madumu yote, wakamshika mzee wa miaka sabini na mbili. Alilala ndani siku mbili, akalipa faini, akarudi nyumbani na kikohozi. Hakupanda tena. Mimi nikatoka kampasi, na sasa naandikia hoteli maelezo ya vyumba ambavyo sijawahi kulala. Babu alifariki mwaka uliofuata. Shamba limepata mteja anayetaka kujenga kotegi za wageni, minazi ikatwe, na bila sahihi ya shangazi hakuna kinachoendelea. Karatasi zilikuwa kwa simu yake wiki tatu, hazijajibiwa. Baba alinisindikiza uwanja wa ndege akaniambia maneno mawili: "Zungumza naye." Nilijua hesabu. Mgao wa baba ungenirudisha chuo.

Basi Alhamisi moja ya Novemba tukapanda hadi karibu na kijiji cha Barolo. Ukungu ulikuwa umejaa mabondeni kama maziwa kwenye bakuli. Aliyetupokea ni binti wa mwenye shamba, mwanamke wa rika langu, buti za matope, nywele amezifunga kwa kalamu. Alianzia nje. Zabibu ya huku ni moja inayojalisha, akasema, Nebbiolo, na watu wengi hulihusisha hilo jina na nebbia, yaani ukungu, kwa sababu huiva kwa kuchelewa, Oktoba, ukungu ukishaanza kupanda. Kisha akataja bei ya ardhi: hekta moja mahali pazuri pa Barolo inapita yuro milioni moja. Shangazi alinikanyaga mguu.

Lakini si zamani sana ambapo vilima hivi havikuwa na kitu. Beppe Fenoglio, mwandishi mzaliwa wa Alba, alitoa kitabu 1954 kiitwacho La malora, kuhusu kijana wa Langhe ambaye babake anampeleka kuwa kibarua kwenye shamba la mtu mwingine kwa sababu nyumbani hapatoshi. Nilikisoma kwa shida, kamusi mkononi, na kila ukurasa nilikuwa naona Ganze.

Nikamuuliza yule dada nani huchuma. Akasita kidogo. Familia, akasema, na watu wa msimu. Hao watu wa msimu nilikuwa nimewaona mjini: Wamasedonia, na vijana wa Afrika Magharibi wanaoendesha baiskeli jioni bila taa. Kwenye picha za ukutani hawakuwepo. Ukutani alikuwepo babu mtu, na punda.

Halafu tukashuka chini. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo moyo ulipoenda mbio. Ngazi za mawe, baridi ya kisima, harufu ya mbao mbichi na matunda yaliyochachuka. Kwanza matangi ya chuma, ambamo maji ya zabibu hukaa na maganda yake hadi yavute rangi na ukali. Halafu mapipa. Mengine ni makubwa kuliko chumba changu cha Kisauni, mbao za mwaloni kutoka Slavonia, yamesimama kwenye giza kama ng'ombe waliolala. Mengine ni madogo, ya Kifaransa, lita 225. Nikapiga hesabu kimoyomoyo: mizinga 300 kila pipa.

Sheria inasema divai haiwezi kuitwa Barolo hadi ikae miezi 38 tangu mwaka wa mavuno, na angalau miezi 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mbao. Ile inayoitwa Riserva ni miezi 62. Miaka mitano na ushee! Mtu anavuna, anafunga, anasubiri, na benki inamkopesha akisubiri. Nilimwangalia shangazi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya pipa, anasikiliza kama daktari.

Yule dada akatusimulia kisa ambacho huko kila mtu anakijua. Kuna mkulima wa La Morra, Elio Altare, ambaye miaka ya 80, akiwa bado kijana, alichoka na divai ngumu ya wazee. Alikuwa ameenda Burgundy, Ufaransa, akaona wenzake wanavyoishi. Mwaka wa 1983 alichukua msumeno wa injini akayakatakata mapipa makubwa ya babake, akaleta madogo. Babake akamnyima urithi. Vijana wenzake wakafuata njia hiyo, wakaitwa Barolo Boys, dunia ikaanza kununua, na wazee wakaendelea kununa. Siku hizi, akasema, wengi wamerudi kwa mapipa makubwa, au wanachanganya. Alisema akicheka. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nawaza mtu anayeshika msumeno mbele ya kitu cha babake, na kama mkono hutetemeka.

Tukapanda juu kuonja. Meza ndefu, mikate myembamba kama penseli, jibini, glasi tatu kila mtu, na ndoo. Wenzetu walikuwa Wajerumani wanne na mume na mke kutoka Milano. Wajerumani wakazungusha glasi, wakanusa, wakasukutua, wakatema kwenye ndoo. Shangazi akaniinamia kwa Kigiriama, kisha kwa Kiswahili ili nielewe vizuri: "Kitu cha shilingi 6,000 chupa, mtu anatema?" Yeye ni mtu wa kanisa na hanywi. Siku hiyo alimeza.

Husemwa kwamba Barolo hunukia waridi na lami. Nilidhani ni maneno ya watu wa matangazo, hii biashara ninaijua, naifanya. Lakini nilipoingiza pua, lami ilikuwepo kweli, ile ya barabara ya Mombasa ikitandazwa upya mchana wa jua. Na ua lilikuwepo kwa nyuma. Kisha ukimeza, mdomo unakaza. Fizi, ulimi, mashavu, vyote vinavutwa ndani. Yule dada akatuuliza tungeuelezaje ule ukali. Mjerumani mmoja akasema chai nyeusi. Shangazi akasema, kwa Kiitaliano chake cha jikoni, "Bibo."

Kimya. Ikabidi aeleze. Bibo ni tunda la mkorosho, lile lenye korosho kwa chini. Ukiling'ata linakupa utamu wa sekunde moja, halafu ukakasi unakushika mdomo mzima na nguo ikipata doa usijisumbue kufua. Yule dada akachomoa kalamu kwenye nywele akaandika: b-i-b-o.

Hapo ndo mwenye shamba akaingia, baba mtu, mzee mfupi mwenye mikono kama mizizi. Akakaa karibu na shangazi akamuuliza kama kwao kuna divai. Nilitarajia aseme hapana. Miaka yote ninayomjua, shangazi akiulizwa babake alifanya kazi gani alikuwa akijibu "mkulima" na kubadilisha mazungumzo.

Alisema: "Baba yangu alikuwa anatoa divai juu ya mti."

Akawaeleza yote. Jinsi mnazi unavyochongwa ngazi kwenye shina. Jinsi mgema anavyofunga ule mkono wa maua kabla haujachanua, akaukata ncha kwa kotama, kipande chembamba kama ukucha, asubuhi na jioni, kila siku, maana akiruka siku moja mti unafunga. Jinsi maji yanavyodondoka kwenye kibuyu yakiwa matamu kama soda, na yanachachuka yenyewe hukohuko juu, hakuna anayetia hamira. Kwamba kwa Wagiriama posa haisongi bila kadzama ya mnazi, na mzee akifa humwagiwa tone chini. Mikono yake ilikuwa inapanda hewani. Wajerumani waliacha kutema.

Mzee akamuuliza, kwa uzito wote, kama mtu anavyomuuliza mwenzake wa kazi: mwaka upi ulikuwa mzuri zaidi?

Shangazi akafikiri. "Ya leo asubuhi," akasema. "Ya jana ni siki."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Kisha akataka kujua kama bado wanagema, na shangazi akamwambia kuhusu lori. Sikuwahi kumsikia akilisimulia lile lori. Hata mazishini hakulitaja. Mzee alinyamaza, akajimiminia, akasema yeye anaikumbuka 1986. Mwaka huo kuna watu Italia waliotia methanoli kwenye divai ya bei rahisi ili kuipandisha nguvu. Walikufa zaidi ya 20, wengine wakapofuka, na sehemu ya ile sumu ilitoka Narzole, mwendo mfupi tu kutoka mezani pale. Wateja wa nje wakakimbia. Wakaguzi wakaingia kila ghala, hata la asiye na hatia, wakapima kila kitu. "Walitupima," akasema. "Hakuna aliyetuambia tung'oe mizabibu."

Hilo neno lilinikaa vibaya. Kwetu methanoli tunaijua sana. Mwaka wa 2000 iliua zaidi ya watu 100 mitaani Nairobi, 2014 ikarudi kaunti kadhaa, 2024 ikaenda Kirinyaga. Kila mara baada ya mazishi hutoka amri, na amri ikishuka kutoka juu haitofautishi chupa iliyokorogwa gizani na kibuyu kilichoteremshwa mtini saa kumi na mbili asubuhi. Anayekamatwa haraka ni yule anayeonekana kwa mbali, na hakuna anayeonekana kwa mbali kama mtu aliye juu ya mnazi.

Sitaki kuwatukuza hawa Waitaliano. Wana hati, wana benki, wana barabara hadi mlangoni, na wana wale vijana wa baiskeli. Mnazi hauwezi kuwekwa kwenye pipa miezi 38 hata ukipewa UNESCO nzima. Lakini nilikuwa nimeketi meza moja na watu wawili wanaojua kwamba mti hausubiri mtu, wanazungumza kazi, na mmoja wao alikuwa badante.

Nilikuwa na ujumbe wangu mfukoni. Kwenye basi la kurudi, kioo kimejaa mvuke, niliangalia kama ni wakati mzuri. Shangazi alikuwa ameshika simu mdomoni, anamrekodia amu sauti kwa Kigiriama. Kigiriama changu ni cha kubahatisha lakini hiyo niliielewa. Aliuliza ni minazi mingapi imesimama, na ni nani anayeipanda.

Jibu lilikuja tukiwa jikoni, pojo zikichemka, mama mzee chumbani akiita jina lake. Kumi na tisa. Mitatu imekauka kichwa. Anayepanda ni mtoto wa jirani, asubuhi na jioni, anauza kimyakimya. Shangazi akaisikiliza mara mbili, akachukua bahasha ya bili ya umeme, akaandika 19 nyuma yake, chini akaanza kujumlisha kitu.

Simu yangu ikalia. Baba: Umezungumza naye? Ameweka sahihi?

Nikamjibu: Anahesabu minazi.