Marudio Yenye Maana: Funzo Kutoka Opera ya Verdi

Hakuna mwalimu asiyerudia. Twarudia irabu, twarudia hesabu za kuzidisha, twarudia nyimbo. Na mara nyingi twadhani kwamba jambo likisemwa mara tatu limekwisha kueleweka. Sisi tuliokaa miaka mingi na somo la muziki tumejifunza kulitilia shaka wazo hilo, na aliyetufunza zaidi ni mtungaji wa Kiitalia, Giuseppe Verdi.

Katika Rigoletto, opera yake iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Venice mwaka 1851, Mtawala wa Mantua anaimba wimbo mwepesi wa kuwabeza wanawake kuwa ni vigeugeu. Msikilizaji hutabasamu tu, kwani mahadhi yake hushikika upesi. Baadaye Mtawala anauimba tena, safari hii kwa sauti ya usingizi, ghorofani katika nyumba ya wageni. Sasa tunaingiwa na hofu, maana tunajua kwamba Rigoletto, mchekeshaji wake, amemkodi mtu amwue kwa kumharibia binti yake, Gilda. Usiku wa manane Rigoletto anakabidhiwa gunia, naye anaamini kwamba lina maiti ya adui yake. Akiwa karibu kulitosa mtoni, wimbo ule ule unasikika kwa mbali. Mwimbaji yu hai! Basi guniani mna nani? Mna Gilda, mahututi, aliyejitoa afe badala ya mtu aliyempenda.

Mahadhi hayakubadilika. Yaliyobadilika ni yale tunayoyajua, na kwa hiyo wimbo wa mzaha umekuwa tangazo la msiba.

Richard Wagner aliupanua ufundi huu katika Der Ring des Nibelungen, opera nne zilizoonyeshwa pamoja kwa mara ya kwanza huko Bayreuth mwaka 1876. Mahadhi ya upanga husikika mwishoni mwa opera ya kwanza kabla mtu yeyote hajautaja upanga. Katika opera ya pili ndipo tunapouona, umechomekwa mtini. Msikilizaji hupewa alama kwanza, maana baadaye.

Yapo malalamiko kwamba muhtasari ni mrefu na vipindi ni vichache. Ni kweli, lakini marudio matupu ndiyo yanayopoteza vipindi hivyo. Mtoto anayeghani bila kuelewa aweza kupanda darasa hata darasa, na asigundulike mpaka amechelewa.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu mtarajiwa, unapoandika andalio la somo, usiandike tu “wanafunzi warudie wimbo.” Uweke wimbo wa Jumatatu katika hadithi ya Jumatano. Mwindaji auimbe akienda porini kwa furaha. Kisha mkewe auimbe jioni, akimngoja asiyerudi. Halafu usiwaulize watoto kama wanaukumbuka. Waulize: safari hii wimbo unatuambia nini?