Kuhama, Kuhamia na Paka Aitwaye Mwinyi

Kitenzi hama hupendwa na wahadhiri wa mofolojia kwa kuwa hakina ukaidi. Mwanafunzi hukinyambua bila kutoa jasho: hama, hamia, hamisha, hamishia, hamishwa, hamahama. Ni kitenzi kikongwe cha asili ya Kibantu. Wagikuyu wana thaama, nao Washona wa Zimbabwe wana tama, kwa maana iyo hiyo. Nami nilikinyambua katika karatasi za mtihani nikapata alama zangu. Uzito wake, hata hivyo, niliuonja mnamo mwaka 2022, tulipomtoa mama Mji wa Kale, Mombasa, tukamleta Nairobi kwa dada yangu.

Tazama, msomaji, jinsi mzizi wenyewe unavyoangalia nyuma. Ahamaye huacha mahali. Ili tujue aendako, sharti tukiongezee kitenzi kiambishi cha kutendea: ahamia. Kwa maneno mengine, mtu aweza kuhama asihamie popote. Vyombo vyake vimefika, yeye hajafika. Ama hamishwa, hilo ni neno zito zaidi, maana mtendaji hajulikani na mtendwa hakuulizwa. Mama, ambaye hakusoma isimu, ndiye aliyenifunza tofauti hii. Jirani alipomuuliza barazani, "Yakini mwahama?" alijibu bila kuinua macho katika ukili aliokuwa akisuka: "Miye sihami. Nahamishwa."

Alikuwa amepanga nyumba ile miaka 31. Mwenye nyumba aliiuza, mnunuzi akataka iwe tupu kufikia mwisho wa mwezi. Nasi watoto tulikuwa tumetawanyika bara. Mama akakubali kwa sharti moja tu: Mwinyi aende naye.

Mwinyi ni paka. Jina hilo alipewa kwa mzaha, kwamba katika nyumba ya wapangaji watupu angalau apatikane mmoja mwenye jina la umiliki. Jamaa waliposikia sharti lile walicheka. Mbwa, walisema, ni wa mtu. Paka ni wa nyumba. Mwacheni na nyumba yake. Mmoja alipendekeza gunia, kama ilivyo desturi ya wengi: paka hutiwa guniani, akapelekwa sokoni penye vichwa vya samaki, akafunguliwa huko "ajitafutie".

Huo usemi kwamba paka ni wa nyumba una ukweli, ila ni nusu yake. Paka ana tezi mashavuni na kidevuni. Anapojisugua mlangoni au katika mguu wa kiti hupaka harufu yake hapo, na ulimwengu wake wote ni ramani ya harufu hizo. Ndiyo maana ahamishwaye mtaa wa pili aghalabu hurudi alikotoka. Lakini hujisugua pia katika miguu ya mtu, na mtu huyo naye huingia katika ramani. Ukimtupa sokoni umemnyang'anya nyumba na mtu kwa pamoja. Kuliita jambo hilo kumpa uhuru ni kulitukana neno uhuru.

Basi tukajiandaa. Vyombo sitavisimulia sana. Kila aliyehama ajua kwamba sufuria, godoro na dawa hupakiwa mwisho ili zishuke kwanza, na kwamba kasha lisiloandikwa juu yake lililomo ndani hufunguliwa mara nne. Kwa paka kazi ilikuwa na utaratibu zaidi. Wiki mbili kabla ya safari daktari wa mifugo alimdunga chanjo ya kichaa cha mbwa, tukahifadhi cheti. Kapu la ukili lenye kifuniko tuliliweka wazi ukumbini siku hizo zote, ndani yake pametandikwa leso kuukuu ya mama, hata Mwinyi akawa analala humo kwa hiari. Siku wachukuzi walipokuja tulimfungia chumba kimoja kilichokwisha kuondolewa vitu, kwani milango iliyo wazi na makelele ndiyo humtorosha paka. Hakupewa chakula asubuhi ile, asije akatapika njiani.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480. Kapu lilipakatwa na mama katika kiti cha mbele cha lori. Katu halikuwekwa nyuma pamoja na makabati. Hadi Mariakani Mwinyi alilia kwa sauti ambayo dereva aliilinganisha na ya mtoto mchanga. Voi alikuwa amenyamaza. Mtito Andei, karibu nusu ya njia, tulifunga vioo kabla ya kuinua kifuniko tumpe maji, akayakataa. Mama naye alikataa chai.

Kule Nairobi chumba cha mama ndicho kilichopangwa kwanza: kitanda chake, sahani ya paka, na beseni la mchanga ambamo tulichanganya kiasi cha mchanga wa zamani. Dada yangu, mpenda usafi, alitaka kufua kila kilichotoka Mombasa. Nilimwambia aiache ile leso ya kapuni, maana ndiyo kipande pekee cha ramani kilichosafiri. Mama akadakia: "Na mto wangu usiufue."

Mwinyi alikaa uvunguni siku tatu, akila usiku tu. Hatukumvuta. Paka aliyejificha hujitoa mwenyewe akishaona kwamba hakuna anayemfuata. Siku ya nne alitokeza kichwa, akazunguka chumba ukutani, akasugua shavu katika kila pembe kama karani apigaye mihuri. Kisha tukamfungulia sebule, halafu jiko, chumba baada ya chumba. Nje hakutolewa hata siku moja kabla ya wiki nne kutimia. Wengi husema wiki mbili au tatu zatosha, lakini katika mji wenye magari mengi hivi niliona heri kuzidisha. Alipotolewa, alitolewa kabla ya chakula cha jioni, ili njaa imrudishe.

Nilimtazama mama katika muda ule ule. Naye alikuwa chumbani. Naye alitoka hatua kwa hatua, sebuleni, jikoni, hadi roshani kulikokuwa na jua, maana baridi ya Julai ilimtesa mno. Tulijaribu kumpeleka huku na huko tumwonyeshe mji. Nikawaomba wenzangu wamwache. Akaanza tena kusuka ukili.

Mwinyi sasa ana kiti chake, na majirani wamlalamikia kwa kuiba samaki. Mama humtetea kwa ukali. Ila akiwazungumzia wajukuu habari za nyumba hii, bado husema "hapa kwenu".