Lenzi Kongwe na Uaminifu wa Nakala

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma na masimulizi peke yake. Sehemu yake kubwa imetandazwa juu ya vitu bapa: ubao uliopakwa rangi, karatasi ya hati, kitambaa cha khanga. Vitu hivi vina maadui wengi katika nchi yetu ya pwani. Mchwa hula ubao, unyevu huozesha karatasi, na jua hufifisha rangi. Anayetaka wajukuu waione kazi ya babu zao hana budi kuinakili kwa picha mapema, maana huenda picha hiyo ikawa siku moja shahidi pekee aliyesalia. Ndiyo sababu uchaguzi wa lenzi si jambo la mafundi wa kamera peke yao, bali unawahusu pia walimu na wanafunzi.

Sisi tunaoishi Lugoba, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, hatuko mbali na kazi za namna hiyo. Tukifika Msata na kushika njia ya mashariki twateremka mpaka Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu mwaka 1981. Tukienda Dar es Salaam twafika mahali ambapo Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mnamo mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vibao vya mraba vyenye upana wa sentimita 60 hivi. Alifariki mwaka 1972. Miaka michache tu ya kazi, na wanunuzi wengi walikuwa wageni waliorudi kwao na vibao hivyo. Aidha, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zimehifadhiwa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Orodha yake, iliyotayarishwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970.

Msomaji aweza kuuliza: je, lenzi yoyote haitoshi? Haitoshi. Lenzi ya kawaida imekusudiwa kupiga picha za watu na mandhari. Uso wa mtu ukionekana wazi, na pembe za picha zikififia, twaisifu picha hiyo. Lakini mchoro bapa hauna pembe isiyo na maana. Mkia wa chui uliochorwa pembeni ni kazi ya mkono ule ule uliochora macho yake katikati. Lenzi isiyofaa huwa na kasoro tatu: huonyesha katikati vizuri na kufifisha pembe, hupinda mistari iliyonyooka hata ubao wa mraba ukatuna kama pipa, tena huzungushia mistari myeusi tarizi nyembamba za rangi ambazo mchoraji hakuzipaka.

Katika hati madhara huwa makubwa zaidi. Herufi ba ina nukta moja chini, ta ina nukta mbili juu, na nuni ina nukta moja juu. Nukta ikipotea katika pembe ya picha, neno limegeuka, na pengine ubeti mzima umeharibika. Mtafiti wa kesho, asiye na hati yenyewe mkononi, hatajua kama kosa ni la mwandishi au la kioo.

Wahunzi wa lenzi walikwisha kulitambua tatizo hili zamani. Mwaka 1896 Paul Rudolph wa kampuni ya Carl Zeiss huko Jena, Ujerumani, alibuni lenzi aliyoiita Planar, jina linalotokana na ubapa wa taswira yake. Baadaye wenye matbaa walitengenezewa lenzi za kunakilia, kama Apo-Ronar ya Rodenstock na Apo-Artar ya Goerz, ambazo zilisahihishwa mno ili rangi zote zikutane mahali pamoja. Wenye vyumba vya giza walipata lenzi za kukuzia picha, kama El-Nikkor, ambazo kazi yake ilikuwa kuchukua filamu bapa na kuimulika juu ya karatasi bapa. Na mwaka 1956 kampuni ya Nippon Kogaku ya Japani ilitoa Micro-Nikkor, kwa haja ya kunakili katika filamu ndogo maandishi ya Kijapani yenye vikwaju vingi vilivyosongamana. Haja yao inafanana na haja yetu ya kutunza nukta.

Kompyuta zilipoingia katika matbaa na vyumba vya giza, lenzi hizi ziliachwa, na leo aghalabu huuzwa kwa bei nafuu. Lakini unafuu usitufanye tuchague ovyo. Tulipopima kwa hesabu, tulitumia kamera ambayo eneo lake la picha ni milimita 24 kwa 36. Ubao wa sentimita 60 lazima upunguzwe mara 25 upate kuenea humo. Lenzi ya matbaa ya milimita 300 ingetutaka tusimame karibu mita 8 kutoka kwenye ubao, yaani urefu wa chumba kizima. Tena lenzi hiyo ilikusudiwa hasa kutoa nakala yenye ukubwa sawa na asili. Micro-Nikkor ya milimita 55 yahitaji kiasi cha mita moja na nusu tu. Kwa vibao, basi, tuliichagua hiyo. Kwa ukurasa wa hati wenye upana wa sentimita 20, unaopunguzwa mara 8 hivi, El-Nikkor ya milimita 50 yafaa sana, kwa sababu imezoea kukuza kwa kiasi hicho hicho. Kwa kuwa haina pete ya kulengea, hufungwa kwenye mvukuto unaosogezwa mbele na nyuma.

Lenzi kongwe ichunguzwe kabla ya kununuliwa. Mulika kurunzi kutoka nyuma yake. Kuvu, ambayo hupenda joto na unyevu wa pwani, huonekana kama utando wa buibui. Gundi ya kati ya vioo ikianza kuachana hutoa rangi za upinde wa mvua. Mkwaruzo mdogo wa mbele hauna madhara makubwa, lakini ukungu wa ndani huondoa weusi wa wino. Kisha bandika gazeti ukutani, likae bapa kabisa, ulipige picha kwa matundu mbalimbali, na usome herufi za pembe nne. Mara nyingi tundu la f/8 hushinda. Ukilibana mno, picha nzima hulegea.

Hata hivyo, lenzi njema haiponyi uzembe. Weka kioo kidogo cha kujitazamia katikati ya mchoro. Ukiona lenzi yako yenyewe katikati ya picha, kamera imekaa sambamba na ubao. Weka taa mbili zinazofanana, moja kila upande, kwa pembe ya digrii 45, na tundika kitambaa cheusi nyuma ya kamera, maana rangi ya baiskeli hung'aa kama maji na huakisi kila kilicho mbele yake.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Shule yenye michoro ya wanafunzi wake, au iliyo jirani na mzee mwenye hati sandukuni, na iombe ruhusa, ipige picha, na iandike pamoja na kila picha jina la mwenye kazi, vipimo vyake na tarehe. Anayenakili hana haki ya kupamba wala kupunguza. Kazi yake ni kuufikisha mkono wa msanii kwa watu ambao hatawaona kamwe, ukiwa na pembe zake zote nne.