Upande Uliosikika

Nilipoajiriwa na gazeti moja la Mombasa kuwa mpelekaji wa habari za pwani ya kaskazini, nilidhani kuwa insafu ni jambo la moyo, na kwamba mtu asiyechukia kabila lolote hawezi kulidhulumu kabila lolote kwa kalamu yake. Itikadi hiyo niliizika mwaka 2001 huko Tana River, pale Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji walipofikia kumwaga damu kwa sababu ya upimaji wa mashamba.

Nilishuka Garsen, nikakaa siku mbili katika vijiji vya Wapokomo, ambako sikuhitaji mkalimani, kwa kuwa Kipokomo na Kiswahili ni ndugu, nami nikasimuliwa kwa tafsili mahindi yaliyokanyagwa na migomba iliyoliwa. Waorma, wenye lugha ya asili ya Kioromo, niliwauliza maneno mawili matatu kando ya barabara, kwa Kiswahili chao cha sokoni, nikaridhika. Taarifa ilitoka ukurasa wa mbele, na hapakuwa na neno hata moja la uongo ndani yake.

Majuma mawili baadaye nilirudi, nikakutana na mzee wa Kiorma ambaye mjukuu wake alikuwa amemsomea gazeti lile, na sasa akawa mkalimani wetu. Mzee hakunikemea.

"Mwanangu," alisema, "umeandika ng'ombe wetu walipopita. Mbona hukuandika malka imezibwa na nani?"

Malka ni njia ya kuteremshia mifugo mtoni. Na Waorma walihofu kuwa, kila shamba likiisha kupimwa na kupewa hati, ukingo wote wa Mto Tana utakuwa na wenyewe, na wakati wa kiangazi ng'ombe watakufa kwa kiu huku wakiyaona maji.

Hapo nikatanabahi kuwa upendeleo wangu ulikaa sikioni, mahali ambapo sikupata kuuchungua. Niliandika makala ya pili, mhariri akaitia ukurasa wa ndani, chini ya matangazo ya vifo, akanihakikishia kuwa mizani imelingana.

Tangu hapo, kila nilipotumwa penye ugomvi, nilimtafuta mkalimani kabla ya kutafuta pa kulala, na nikaanzia kwa wale ambao maneno yao yalikuwa na gharama zaidi kuyapata. Ama mzee yule, makala ile ya pili nilimpelekea mwenyewe, nikamsomea, mjukuu wake akifasiri; aliposikia imechapwa ukurasa gani, alicheka.