Saa Zangu Ni Saa za Voi

Saa tatu asubuhi mjini New York ni saa kumi jioni hapa Voi. Wenzetu hao husogeza saa zao mbele mwezi Machi na kuzirudisha Novemba, basi kwa miezi ya baridi yao inakuwa saa kumi na moja. Mteja wa California ni mzito zaidi: anapoketi mezani kwake saa tatu, huku ni saa moja au saa mbili usiku, na anapofunga ofisi saa kumi na moja jioni, huku ni saa tisa au saa kumi za usiku, wakati hata malori ya barabara ya Mombasa yamepungua. Kila anayefanya kazi za mtandaoni kutoka mji huu anazo hesabu hizi kichwani. Mimi niliishi chini yake kwa miaka, na leo nashuhudia kwamba zinaweza kugeuzwa zikamfaa mtu.

Kazi yangu ni kunukuu sauti. Natumiwa mahojiano ya watafiti, mikutano, wakati mwingine mahubiri, nami nayasikiliza na kuyaandika neno kwa neno, nikiweka jina la msemaji na dakika aliyosema. Saa moja ya sauti safi humchukua mtu mzoefu karibu saa nne. Watu wakikatizana maneno, au jogoo na pikipiki wakiwa nyuma ya kinasa sauti, inachukua zaidi. Lakini malipo ni kwa dakika ya sauti, si kwa dakika ulizokaa kitini. Niliingia kupitia mafunzo ya Ajira Digital, mpango wa serikali ulioanza mwaka 2016, na nawashukuru walionifundisha, maana nilikuwa na diploma na sina kazi. Tulifundishwa kufungua akaunti, kuandika wasifu, kuomba kazi na kupokea dola. Namna ya kupanga siku ya mtu anayefanyia kazi chumbani kwake, hapo hatukufika.

Na chumba chenyewe kiko Voi. Bomba kubwa la maji ya chemchemi za Mzima linapita kwenye kaunti yetu likielekea Mombasa, lakini mitaa yetu mingi bado inapata maji kwa zamu. Yakija, aliye nyumbani ndiye wa kukimbia na mitungi. Mume wangu ni dereva wa lori, akipakia bandarini anakwenda hadi Malaba, kwa hiyo aliye nyumbani ni mimi. Aliye nyumbani ndiye pia anayeachiwa mtoto wa jirani, anayeagizwa kupeleka uji hospitali ya Moi ndugu akilazwa, anayewekwa kwenye kamati ya matanga kwa sababu "yeye haendi kazini". Sikatai ujirani, ndio uliotulea. Ila ukweli ni kwamba mtu akikuona umekaa mbele ya kompyuta umevaa dera, haoni kazi. Mchana wangu ukawa wa kila mtu. Usiku, watoto wakilala na mji ukitulia, ndipo kazi ilipoanza, na wateja wa Marekani walikuwa macho, wanatuma ujumbe, nami najibu papo hapo.

Kulikuwa na hofu pia, na si hofu ya bure. Tangu mwishoni mwa 2022 programu za kunukuu sauti zimekuwa nzuri kiasi kwamba kazi nyingi sasa ni kusahihisha kilichoandikwa na mashine, kwa malipo madogo. Machi 2024 jukwaa moja kubwa lililokuwa likiwapa Wakenya kazi za kufundishia mitambo ya akili bandia lilifungwa kwa nchi yetu, na vijana wengi waliamka asubuhi wakakuta akaunti hazifunguki. Katika hali hiyo, kazi ikija saa saba za usiku unaipokea. Unaona kama ukilala itakwenda kwa mwingine, na kesho haitakuja.

Nilipojifungua mtoto wa pili nilirudi kwenye hedifoni kabla arobaini haijatimia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Inampa mwajiriwa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku 21 za likizo kwa mwaka. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherarkey alipeleka mswada wa kuwazuia waajiri kuwasumbua wafanyakazi baada ya saa za kazi, jambo ambalo Ufaransa ililiweka kwenye sheria tangu Januari 2017. Yote hayo ni ya walioajiriwa. Sisi tunaohesabiwa kuwa tumejiajiri hatumo, na mteja aliye ng'ambo hajui hata kama nina mtoto.

Kliniki ya mtoto ndiyo iliyonistua. Muuguzi alimpima mtoto, kisha akaniambia na mimi nikae, akanifunga mkanda wa presha. Akapima mara ya pili, mkono wa pili. Akaniuliza, "Mama, unalala saa ngapi?" Nikamwambia inategemea. Akaweka kalamu chini akanitazama, akasema hilo si jibu la mama anayenyonyesha. Nilikwenda nyumbani nikachukua daftari la shule la mwanangu mkubwa, nikawa naandika kila saa ninayokaa kazini kwa wiki nzima, pamoja na zile nusu saa za kujibu ujumbe nikiwa jikoni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa utafiti wao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Daftari langu lilikuwa limepita hizo 55, na kazi za nyumbani za kufua, kupika na kuchota maji hazikuhesabiwa.

Mama yangu alikuwa ameteremka kutoka Wundanyi kuja kunilea. Ujana wake aliufanyia kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Mwatate, na ana makovu ya miiba ya mkonge mikononi mpaka leo. Usiku mmoja aliamka kumbadilisha mtoto akanikuta bado nimekaa. Akavuta kigoda.

"Huyo tajiri wako anaitaka kazi yake saa ngapi?"

"Kabla hajafika ofisini, mama."

"Naye anafika saa ngapi?"

"Saa kumi jioni, kwa saa zetu."

Akanyamaza kidogo. "Sasa ni saa nane usiku. Mpaka saa kumi ya jioni kesho kuna mchana mzima. Huu usiku unamfanyia nani?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kwa upole, kwamba mkonge ni kazi ngumu kuliko hii yangu, lakini waliingia shambani giza likiwepo, na jua likifika utosini wameshahesabiwa mafungu yao, mtu anarudi kwake. Jioni alikuwa mama wa watu, na shamba la mkonge halikumfuata nyumbani.

Swali lake lilibadilisha maisha yangu kuliko ushauri wowote niliosoma, kwa sababu lilikuwa la hesabu. Mteja wa New York akinitumia kazi mwisho wa siku yake, saa kumi na moja jioni, huku ni saa sita usiku. Nikiamka saa kumi na moja alfajiri nikaikuta, nikaifanya hadi saa saba mchana, itamfikia yeye ikiwa kwake ni saa kumi na mbili asubuhi, bado hajanywa kahawa. Kwake inaonekana kama mtu amekesha. Kumbe nimelala. Tofauti ya saa ambayo ilikuwa inanitoa usingizini ndiyo hiyo hiyo inayonipa mchana wote bila mtu wa kunipigia. Na Voi, alfajiri ndiyo saa nzuri: kuna upepo kutoka mlima Sagalla, na bati bado halijashika moto. Ikifika saa nane mchana chumba changu ni tanuri, hata kompyuta inaunguruma. Mji wenyewe ulikuwa unaniambia saa za kazi.

Niliwaandikia wateja wangu ujumbe mfupi. Nikasema ninakoishi, nikataja saa zangu za kazi, nikasema kazi itakayoingia kabla ya saa yao ya kufunga nitairudisha kabla ya saa yao ya kufungua, na Jumapili sifanyi kazi. Sikuomba radhi na sikueleza habari za mtoto. Kidole kilitetemeka kabla ya kubonyeza. Mteja mmoja aliondoka bila kujibu, na mwezi ule ulikuwa mgumu kweli, tulikula kimanga siku nyingi mfululizo. Wengine walijibu kwa neno moja tu, sawa. Kumbe hawakuwahi kudai nijibu usiku. Walikuwa wananiandikia kwa sababu kwao ni mchana, nami nilikuwa nadhani naitwa. Baadaye niliongeza bei ya kazi ya haraka ya usiku, na zile za haraka zikapungua zenyewe.

Nyumbani ilikuwa kazi ndefu zaidi. Mume wangu aliporudi safari nilimwonyesha daftari, naye hakubishana. Dereva anajua maana ya kulala kabla ya safari. Tulinunua tangi la lita 1,000, na kijana wa jirani tukapatana naye kwa malipo awe anafuata zamu ya maji. Kwa majirani nilitafuta njia isiyo ya matusi. Mlangoni nina leso nyekundu, naitundika asubuhi naiteremsha saa saba. Nilimwambia kila aliyekuja: leso ikiwa juu niko kazini, ikishuka karibu ndani, hata mtoto nitakushikia. Mwanzoni walipita chini yake. Dada mmoja alinuna, akasema nimekuwa Mzungu. Mama yangu ndiye aliyemkalisha akamweleza kwamba mlipa karo wa nyumba hii yuko nyuma ya ile leso. Siku hizi watoto wa mtaa ndio wanaowazuia wageni, "Leso haijashuka."

Kinachobaki ni kile ambacho mtu mmoja hawezi kukifanya peke yake. Sisi wanawake kadhaa wa Voi, Mwatate na Taveta tunaofanya kazi hizi tuliunda chama. Mmoja akiugua au akijifungua, wengine wanachukua kazi za wateja wake, wanamwachia sehemu ya malipo, na wateja wanamrudia akipona. Miezi mitatu ya uzazi ambayo sheria haikutupa tunajaribu kupeana wenyewe. Tunasukumana pia kulipa SHA, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ambayo kiwango chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na kuweka akiba ya uzeeni kupitia Haba Haba ya NSSF inayoanzia shilingi 25 kwa siku. Si fedha nyingi, lakini anayeogopa kuugua hawezi kukataa kazi ya usiku, na hili ndilo wanaotushauri habari za mapumziko hulisahau. Usingizi wangu ulianza kuwa wa uhakika nilipokuwa na kitu cha kushikilia kazi zikikosekana.

Presha imeshuka, ingawa bado napima. Jioni nafanya hesabu za darasa la nne na mkubwa wangu. Jumapili baada ya ibada tunapanda matatu kupitia Mwatate hadi Wundanyi, kompyuta ikibaki Voi, na kule juu baridi ya mlima Vuria inatufanya tuombe sweta. Namshukuru Mungu kwa hayo, na namshukuru mama.

Serikali ya kaunti na wanaoendesha mafunzo ya kazi za mtandaoni nawaomba jambo moja: siku moja ya mafunzo hayo iwe ya saa za kazi, bima na akiba, na wafundishe waliofanya kazi hii wakiwa na watoto ndani ya nyumba. Nawe dada au kaka unayesoma haya ukiwa na ujumbe wa mteja unaokungoja, angalia kwanza kwake ni saa ngapi na anaihitaji kazi lini. Kisha mwandikie saa zako. Ikiwa uko Voi na mteja akakuacha kwa sababu hiyo, njoo kwenye chama chetu, tutagawana kazi tulizo nazo.