Kabla ya kuuza mpunga

Wadau, kusoma muhula mmoja ng'ambo hakuanzi na nauli. Nasema hivyo kwa sababu hapa nyumbani Viwanja Sitini, Ifakara, mzee alikuwa tayari kuuza mpunga wote ili mdogo wangu, anayesoma sayansi ya kompyuta Dar, aende Basel, Uswisi. Nikamwomba asubiri barua.

Barua gani? Ya chuo chake, ikisema masomo atakayofaulu kule yatahesabiwa huku. Bila hiyo, binti atarudi na ujuzi kibao wa programu, halafu arudie muhula pamoja na waliokuwa nyuma yake. Kalenda nazo zinagongana: Basel masomo huanza Septemba, vyuo vyetu vingi hufungua Oktoba au Novemba. Na viza ya Schengen ya siku 90 haitoshi muhula. Lazima aombe ile ya kitaifa, ya kukaa muda mrefu.

Bibi mambo haya yanamchosha. Anamkumbuka Profesa Rudolf Geigy, aliyetoka Basel hiyo hiyo akaanzisha maabara hapa Ifakara miaka ya 1950. Ananiuliza: huyo naye alidaiwa barua?