Kupanda Usambara kwa Gia ya Pili

Kutoka Segera hadi Mombo sikuifurahia. Barabara kuu ya kwenda Moshi inapita katikati ya mkonge, na mabasi ya Arusha hayana subira na mtu wa mwendo wa themanini. Royal Enfield Himalayan hii ya cc 411 ina silinda moja, gia tano na nguvu farasi 24 tu. Kulipita lori lenye tela ni hesabu: unashusha gia, unavuta mafuta, unasubiri. Kwenye tisini inatulia. Ukiilazimisha zaidi, mtetemo unakupanda miguuni. Wengi wakishasoma hizo farasi 24 huishia hapo.

Mombo nikajaza mafuta, tanki lake ni la lita 15, nikakata kulia kuelekea Lushoto. Hapo mambo yakabadilika. Lami ni nyembamba, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na kila kona madereva wanapiga honi kabla hawajaonekana. Karibu na Soni lori la mboga lilikuwa linashuka, limeichukua kona nzima. Nikabana ukingoni hadi mwendo ukawa wa mtu anayetembea. Lilipopita nilikuwa bado gia ya pili. Sikugusa klachi, nikavuta mafuta kidogo tu, injini ikaitikia kama trekta, ikapanda. Pikipiki nyingi zingekohoa na kuzima pale.

Siri imo ndani ya silinda: upana wake ni milimita 78, lakini pistoni inasafiri milimita 86. Injini ya namna hiyo haipendi kupigishwa kelele. Mvuto wake wote unapatikana kwenye mizunguko 4,000 hivi kwa dakika, na mlima wenye kona unakuomba kitu hicho hicho saa nzima.

Lushoto nilikunywa chai ya tangawizi, nikavaa sweta, nikaelekea Mtae. Baada ya lami kuisha, udongo mwekundu ulikuwa umelowa mvua ya usiku na malori yameuchimba mifereji miwili. Nikasimama juu ya vikanyagio, magoti yakibana tanki. Gurudumu la mbele, la inchi 21, lilikuwa linapanda kingo za mifereji bila kuupokonya usukani mikononi. Tumbo la injini liko sentimita 22 juu ya ardhi, na mawe niliyoyaogopa yalipita chini bila kugonga. Shida ni uzito. Ina zaidi ya kilo 190, na nilipotaka kuigeuza kwenye njia ya mteremko, vijana wawili waliokuwa wakichambua karoti waliacha kazi wakaja kunisukumia.

Lukozi, penye mnada wa mboga, dereva mmoja wa bodaboda aliizunguka taratibu.

"Shikamoo mzee. Inakulaje mafuta hii?"

"Marahaba. Lita moja inakwenda thelathini hivi."

Akabonyeza kiti, akaitikisa keria ya nyuma.

"Gunia la kabichi unafunga wapi?"

Nikamwonyesha keria ile ile.

"Hapa linakaa moja tu, mzee. Na hilo moja litalala upande."

Akawasha Boxer yake, magunia mawili ya karoti yakiwa yamefungwa nyuma kwa mpira, akanitangulia mlimani.